Mama Hawezi Kuchuja Hewa ya Mtaa

Juni 2024 nepi za watoto ziliingia katika siasa za Kenya. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa na ushuru mpya uliopewa jina la kupendeza, ushuru wa mazingira, na miongoni mwa bidhaa zilizolengwa zilikuwamo nepi za kutupa, zile ambazo watu wengi huziita pampasi bila kujali zimetengenezwa na nani. Hoja ya serikali ilieleweka: takataka hizi haziozi, kwa hiyo mwenye kuzileta alipie usafi wake. Kina mama nao walijibu kwamba mtoto aliyechafuka haambiwi angoje. Kamati ya Fedha ya Bunge ikalegeza kamba, ikasema bidhaa zinazotengenezwa nchini zisiguswe. Haikusaidia. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kutia saini, na mswada mzima ukaenda na maji.

Swali lililozama nao lilistahili kuokolewa. Mtoto akilelewa kwa afya, na bila kuichafua nchi atakayoirithi, gharama hubebwa na nani? Jibu lililozoeleka ni mama. Majarida ya familia na kurasa za simu zimejaa orodha za manunuzi ya malezi ya kijani: mswaki wa mianzi, fulana za pamba isiyopigwa dawa, midoli ya mbao kutoka Ulaya, chupa ya kioo badala ya plastiki. Orodha hiyo imebisha hodi mlango usio wake. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilishafanya sehemu yao zamani, kwa ufukara au kwa busara, mara nyingi kwa vyote viwili. Nguo za kifungua mimba huvaliwa na wadogo zake, halafu na watoto wa shangazi, halafu huwa tambara la kudekia. Kanga moja humbeba mtoto mgongoni, humfunika usingizini, humfuta mdomo. Kilichobaki kiko nje ya kizingiti, na huko mama peke yake hafiki.

Hiyo haina maana kwamba nepi ni jambo dogo. Ukiichana pampasi utakuta kitambaa laini cha plastiki upande wa ngozi, katikati nyuzi za mbao zilizochanganywa na chembe nyeupe mfano wa sukari, na kwa nje utando wa plastiki usiopitisha maji. Zile chembe ndizo zenye kazi. Zikipata mkojo huvimba, zikawa kitu cha kuteleza kisichoachia maji hata kikiminywa. Ndiyo sababu mtoto hulala usiku kucha bila kulia, na ndiyo sababu pampasi iliyotupwa mtaroni hunyonya, hutuna na kuziba. Mtoto anayebadilishwa mara 4 kwa siku kwa miaka 2 humaliza nepi 2,920. Mtaa unaopitiwa na gari la taka kila wiki huziondoa hizo machoni angalau. Mtaa usio na gari huzipeleka zinakoweza kwenda: shimoni, jalalani, Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, au kwenye moto wa jioni nyuma ya nyumba, ambao moshi wake humrudia yule yule aliyezivaa.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Watu walinung'unika wiki chache wakarudi kwenye vikapu, kwa sababu kikapu kilikuwapo. Wanaotaka nepi zifuate njia hiyo hiyo wanasahau kwamba kikapu hakifuliwi mara kumi kwa siku.

Waingereza, ambao hupenda kupima kila kitu, walizifanyia nepi hesabu kamili. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Uingereza wa mwaka 2008 ulikadiria kwamba mtoto wa nepi za kutupa, kwa miaka 2 na nusu, husababisha gesijoto za uzito wa kilo 550 hivi, na wa nepi za kitambaa kilo 570. Wapenzi wa kitambaa walivunjika moyo. Lakini ndani ya ripoti ile ile mlikuwa na jambo la maana zaidi: nepi za kitambaa zikifuliwa mashine ikiwa imejaa, zikaanikwa kwenye kamba badala ya kukaushwa kwa umeme, na zikatumiwa tena na mtoto wa pili, mzigo wake hupungua kwa asilimia 40. Hesabu mpya iliyofanywa kwa ajili ya serikali ya nchi hiyo na kutolewa mwaka 2023 ilikipa kitambaa ushindi wa asilimia 25.

Sasa hesabu hiyo isomwe Tandale, Dar es Salaam, au Kisauni, Mombasa. Mashine ya kukaushia ni jua. Kufua ni kwa mikono na maji ya baridi. Kurithishana nepi hakuhitaji kampeni. Yale ambayo Mwingereza anabembelezwa ayafanye, huku ni kawaida ya kila siku. Kinachokosekana ni kitu ambacho ripoti ile haikuona haja ya kukitaja sana, yaani maji ya bomba. Nepi za siku moja zikilowekwa, zikafuliwa na kusuuzwa ipasavyo, madumu mawili ya lita 20 yanaweza kwisha, na kuna mitaa ambako dumu hununuliwa kwa mkokoteni na maji hayo hayo ndiyo ya kupikia.

Kuna pasi pia. Katika maeneo mengi ya joto yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au majanini. Nguo ikivaliwa, funza huanguliwa kwa joto la mwili na kujichimbia ngozini, na uvimbe unaotokea kwenye makalio ya mtoto huonekana jipu hadi litumbuke. Bibi wa pwani anayepiga pasi nepi ndani na nje, kwenye mishono na pindo, hafanyi umaridadi. Anaua mayai. Tatizo ni kwamba pasi yake mara nyingi ni ya mkaa.

Kwa hiyo nyumba nyingi zimetafuta njia ya katikati: winda la kitambaa mchana mtoto akiwa nyumbani, pampasi usiku, safarini na siku ya kliniki. Utaratibu huo hauna mhubiri wala chapa ya kijani, na ni wa busara kuliko mahubiri ya pande zote mbili. Anayetaka wengi zaidi wautumie angeanza kwa kuuliza mgao wa maji unafika lini.

Ipo njia nyingine iliyo kongwe kuliko zote, nayo ilisomwa Ulaya na Marekani kabla haijaheshimiwa hapa kwetu. Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa Marten deVries na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Wakati ule wazazi wa Kimarekani walikuwa wakiambiwa kwamba mtoto hawezi kuanza kufundishwa choo kabla hajavuka mwaka mmoja na nusu hivi. Mama wa Kidigo alikuwa akianza mtoto akiwa na wiki chache tu. Alikaa chini miguu imenyooshwa, akamweka mtoto katikati ya miguu, mgongo wa mtoto ukimwelekea yeye, akamtolea sauti ya kumkojoza. Mtoto akikojoa, hupewa tabasamu, hubembelezwa, hunyonyeshwa. Mchezo huo ulirudiwa mara nyingi, usiku na mchana. Kufikia miezi 5 au 6, watoto wengi walikuwa wakikaa wakavu kwa kiasi cha kuridhisha.

Hakuna kiwanda kinachoweza kushindana na hilo, na hakuna namna ya kuliuza dukani. Lakini lina sharti moja kubwa: awepo mtu mzima, au dada mkubwa, anayekaa na mtoto kutwa na kuzijua dalili zake. Mama anayetoka Chanika alfajiri kuwahi kazi mjini hana kutwa hiyo. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, Kenya ni miezi 3. Mtoto hubaki na msichana wa kazi wa miaka 17, au katika chumba cha kulelea watoto chenye watoto ishirini na mlezi mmoja, na hapo pampasi inashinda bila kupigiwa kura.

Siku hizo 84 zinagongana na jambo zito zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtoto anyonye bila kupewa kitu kingine, hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akila chakula hadi miaka 2 au zaidi. Kwa upande wa mazingira pia hakuna chakula kinachoyafikia maziwa ya mama: hayana kopo, hayataki kuni za kuchemshia, hayapakiwi kwenye lori. Sheria zimejaribu kusaidia. Kenya ilitunga mwaka 2012 sheria ya kubana matangazo ya maziwa ya kopo, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa 2 za kazi kwa siku kwa ajili ya kunyonyesha. Muuza matembele wa Buguruni hana mwajiri wa kumdai saa hizo. Wala yaya, ambaye huenda mwanawe mwenyewe yuko kijijini akinyweshwa uji na bibi yake.

Hata yule anayenyonyesha kama kitabu kinavyosema anaweza kushindwa na kitu asichokiona. Phyllis Omido alikuwa hivyo. Mwaka 2009 aliajiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilichokuwa ukutani kabisa mwa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto akaanza kuugua, homa haishuki, hospitali zikampima magonjwa ya kawaida na kumtibu bila mafanikio. Vipimo vya damu hatimaye vikaonyesha madini ya risasi. Mama alikuwa akiivuta kazini, kisha akimpa mwanawe ndani ya maziwa.

Risasi ina hila ya aina yake. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, huihifadhi kwenye mifupa, na mwanamke akishika mimba au akinyonyesha, mifupa inapoachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi hutoka nayo. WHO inasema hakuna kiwango chake kisicho na madhara, na kwamba mtoto mdogo huifyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Madhara yake hayana kelele. Mtoto hachechemei wala hatoki vipele. Huchelewa kuongea, hushindwa kutulia darasani, huitwa mkaidi au mzito wa kichwa, na viboko vikafuata. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mtoto 1 kati ya 3 duniani, hadi watoto milioni 800, ana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi katika kila desilita ya damu.

Omido aliacha kazi, akawakusanya majirani, akakamatwa, akatishwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kati ya waliobebeshwa lawama walikuwamo wasimamizi wa serikali ambao kazi yao ilikuwa kuzuia jambo hilo lisitokee. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyekuwa ananyonya kiwanda kilipokuwa kikifuka mwaka 2009 alikuwa amefika umri wa sekondari haki ilipotamkwa.

Mama wa Owino Uhuru angefanya nini zaidi? Kununua mswaki wa mianzi?

Mkasa huu si wa Mombasa tu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitoa ripoti ya vipimo vya watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na dampo la Dandora, Nairobi. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokuwa kikikubalika kimataifa. Walikuwa watoto wa watu wanaojua kufua, kupika na kuogesha kama wengine wote.

Hata hivyo risasi ndiyo inayotoa ushahidi bora kwamba mambo hubadilika mtu sahihi akiguswa. Kwa miongo mingi petroli ilichanganywa na risasi, na kila gari la petroli lililopita barabarani lilimwaga sehemu yake juu ya watoto wanaocheza pembezoni. Hakuna mzazi aliyeweza kuchagua hewa nyingine. Mwaka 2001 nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaahidi kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa. Magari yakaendelea kutembea. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Rangi za ukutani ndizo zinazofuata, na hapa pana kitu ambacho mzazi anaweza kukitazama kwa macho yake. Rangi zenye risasi nyingi mara nyingi huwa zile za kuvutia, njano na nyekundu, kwa sababu risasi ndiyo iliyotumika kuzipa ung'avu. Na hizo ndizo rangi za chekechea. Bembea nyekundu, uzio wa njano, viti vidogo vya rangi zote, jina la shule limeandikwa ukutani pamoja na katuni. Jua likishazipiga miaka michache hubanduka vigaga, vigaga vinasagika kuwa vumbi, na mtoto wa miaka 3 huweka mikono kinywani kutwa. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka risasi isizidi sehemu 90 katika kila milioni. Ni kiwango kikali na kizuri. Lakini kopo la rangi la zamani lingali stoo, na ukuta uliopakwa kabla ya kiwango haukujisafisha siku kiwango kilipotangazwa.

Haitakuwa haki kuyaweka yote haya mlangoni pa serikali na viwanda kisha mila ikaachwa iende zake. Wanja unaopakwa watoto wachanga kwenye nyusi na kope, ili kuwapendezesha au kuwakinga na jicho la husuda, umekutwa na risasi nyingi katika vipimo vya nchi kadhaa, hasa ule unaosagwa kutoka kwenye jiwe. Hakuna njia ya kuujua ulio salama kwa kuutazama, kwa hiyo dawa ni kuuacha. Bibi atanuna. Anunue hirizi, au aridhike na dua, ambayo haina kemikali.

Jiko nalo ni la mila, na ndilo linaloua zaidi. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mbeleko, pua yake ikiwa juu kidogo ya bega la mama aliyeinama kupuliza kuni, huvuta anachovuta mama, kwa mapafu madogo na pumzi za haraka zaidi. Mbeleko yenyewe haina kosa. Ni chombo bora kuliko kigari cha dola mia tatu.

Tanzania imelishika jambo hili kwa uzito kuliko majirani wengi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 ziache kuni na mkaa. Mei mwaka huo ulizinduliwa mkakati wa miaka 10 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano uliokusanya ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya mapishi safi Afrika. Ahadi ni njema. Kikwazo kiko kwenye kipimo. Mkaa huuzwa kwa kopo na kwa fungu, kulingana na alichopata mtu siku hiyo. Gesi huuzwa kwa mtungi. Mwenye shilingi elfu mbili mfukoni saa kumi na mbili jioni ananunua mkaa, hata kama semina ya asubuhi ilimkolea.

Kenya inaonyesha jinsi bei inavyoweza kuvuruga au kunyoosha mambo. Julai 2021 iliirudishia gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ikaipunguza kuwa 8 mwaka 2022, ikaifuta kabisa mwaka 2023. Kwa miaka hiyo miwili serikali ile ile iliyokuwa ikiwaasa wananchi waache kuni ilikuwa ikiwatoza kwa kufanya hivyo. Mauzo ya gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambapo mita hufungwa kwenye mtungi na mteja hulipia kadiri anavyopika, yamewafikia baadhi ya wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam. Yakipewa msukumo, yatafanya kazi kuliko mabango.

Chakula nacho kina adui asiyeonekana. Kwenye kliniki nyingi na vibandani huuzwa unga wa lishe wa kuchanganya, mahindi, soya, karanga, ulezi, mtama, mchele na vinginevyo, kana kwamba wingi wa nafaka ndio ubora. Mahindi na karanga zilizokauka vibaya huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo haifi kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipoteza watu 20. Uji wa nafaka moja au mbili zinazofahamika zilikotoka, zikachambuliwa kwa mkono, na dagaa waliosagwa au yai likaongezwa, unamtosha mtoto kuliko mchanganyiko wa gunia lisilojulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka 5 wamedumaa, mwaka ule ule Kenya ilikuwa na asilimia 18. Kukausha mahindi juu ya turubai badala ya ardhini ni kazi ya mkulima, kukagua ghala ni kazi ya mkaguzi, na mama wa Temeke anakuja mwisho kabisa wa mnyororo huo akiwa na ungo tu.

Kuhusu michezo, pwani ilishatoa somo. Miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa walimwomba Aga Khan msaada wa elimu kwa watoto wao wadogo, na mwaka 1986 chekechea ya majaribio ikafunguliwa katika Madrasa ya Liwatoni chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said. Mpango ulivuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, ukazaa chekechea zaidi ya 200. Walimu walifundishwa kutengeneza vifaa kwa vilivyo karibu: vifuu vya nazi, kokoto, mbegu, vizibo vya soda, maboksi, makuti. Mtoto alihesabu kwa vifuu, akapanga kwa ukubwa, akajaza mchanga na kuumwaga, akauza na kununua dukani pa kuigiza. Vikichakaa vilitupwa chini ya mnazi. Hakuna aliyekuwa akiokoa mazingira. Walikuwa wakitafuta shule nzuri isiyo ghali, yenye Kurani na hesabu chini ya paa moja, na vifuu vilikuwa bure.

Vifuu vingalipo. Uwanja wa kuvichezea ndio unaopungua. Wapangaji wa miji wanajua ni viwanja vingapi vya wazi vimegeuzwa fremu za maduka na maegesho, na watoto waliofungiwa ndani wakapewa simu kwa kuwa nje hakuna pa kwenda. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Mzazi wa chumba kimoja cha kupanga, chenye barabara ya bodaboda mlangoni, anaweza kuusoma mwongozo huo mara tatu na bado akawasha katuni.

Nani basi afanye nini? Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Hiyo ni njia ya haki zaidi kuliko ushuru wa kaunta, mradi kiwanda kisiruhusiwe kuhamishia gharama yote kwenye bei na kuiita ada ya mazingira. Fedha hiyo ionekane kwenye matairi ya gari la taka. Wabunge wa Dodoma wangeweza kuisoma sheria hiyo ya jirani wikiendi moja. Likizo ya uzazi ya miezi 6 itaitwa anasa na waajiri. Mamlaka za maji ziulizwe kwanza kila mara mtu anapotaka kuzungumza habari ya nepi za kitambaa.

Na kuna jambo moja ambalo halmashauri inaweza kulianza mwezi huu bila sheria mpya. Bwana afya tayari huzunguka mitaani. Huingia jikoni mwa mama lishe, huangalia choo, hudai cheti cha kupimwa, huandika faini. Aingie na chekechea. Aulize rangi ya bembea ilinunuliwa lini na kopo lina alama gani ya ubora, aangalie kama chakula cha watoto kinapikwa kwa kuni dirishani pa darasa, aone kama kuna karakana ya betri au ya kuchomelea nyuma ya ukuta, achukue vigaga vya rangi vikapimwe maabara. Shule ikifeli, ikwangue na kupaka upya wakati wa likizo, watoto wakiwa hawapo, vumbi likifutwa kwa kitambaa kibichi na si kwa ufagio. Matokeo yabandikwe ofisini kwa mtendaji wa mtaa, mahali ambapo mzazi anayemtafutia mwanawe shule atayasoma kabla hajalipa ada.